Madodoso 35 hayajarudi, alfa ni 0.41, na msimamizi amerudisha sura tatu

Barua

Ndugu Mshauri,

Niko mwaka wa mwisho na tasnifu inatakiwa baada ya wiki nane. Mada yangu ni "Athari za mitandao ya kijamii kwa ufaulu wa wanafunzi". Walengwa ni wanafunzi 640 wa chuo kimoja, 360 wa mwaka wa kwanza na 280 wa mwaka wa pili. Kwa fomula ya Yamane nilipata sampuli ya 247. Nikapata kibali cha kamati ya maadili, nikagawa madodoso 247 ya karatasi yasiyo na majina. Yamerudi 212, na 19 kati ya hayo yamejazwa chini ya nusu.

Malengo mahususi ni matano: kubaini muda ambao wanafunzi hutumia mitandaoni, kubaini wanaitumia kwa shughuli gani, kupima athari za mitandao kwa ufaulu, kuchunguza sera ya chuo kuhusu simu, na kupendekeza njia za kupunguza tatizo. Dodoso lina maswali 24. Kumi ni ya kipimo cha Likert cha ngazi tano, kutoka 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali sana). Nimeingiza kila kitu kwenye programu ya takwimu ya SPSS, na pasipojibiwa nimeandika 99. Alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kama maswali ya kipimo kimoja yanakwenda pamoja, imetoka 0.41. Nilipofanya jaribio la khi-mraba, la kuona kama muda na ufaulu vina uhusiano, p (uwezekano wa kupata matokeo kama haya endapo uhusiano haupo) ilikuwa 0.21.

Msimamizi amerudisha sura ya pili, ya tatu na ya nne kwa mpigo. Kwenye sura ya tatu ameandika "kifaa hakipimi malengo", kifaa akimaanisha dodoso. Kwenye sura ya pili ametafuta vyanzo vitatu, hakukiona hata kimoja. Sura hiyo nilisaidiwa na programu ya akili bandia, na ina marejeleo 41.

Rafiki mmoja amejitolea kujaza yale madodoso 35 ili nifikishe 247. Mwingine ananiambia nifute maswali ya Likert moja baada ya jingine hadi alfa ivuke 0.7. Wote wanasema p ya 0.21 itanifelisha. Maji yamenifika shingoni. Je, nianze upya? Dodoso na jedwali la majibu nimeviambatisha.

Mtafiti wa wiki nane

Jibu

Ndugu mwanafunzi,

Usianze upya. Kibali kipya, ukusanyaji mpya na uingizaji mpya wa data haviwezi kuingia ndani ya wiki nane ukabakiwa na muda wa kuandika. Tena huna haja. Madodoso 193 yaliyojazwa vizuri yanatosha kwa utafiti mdogo kuliko ule ulioahidi kwenye pendekezo. Kazi iliyo mbele yako ni kuupunguza utafiti ulingane na data uliyonayo.

Tuanze na yale 35, kwa sababu hapo ndipo penye hatari kubwa, na hatari yenyewe haina faida yoyote. Fomula uliyotumia inagawa idadi ya walengwa kwa 1 kujumlisha idadi hiyo mara kiwango cha kosa kipeo cha pili. Kwa kosa la asilimia 5, yaani 0.05, ni 640 kugawa kwa (1 + 640 × 0.0025), sawa na 640 kugawa kwa 2.6, unapata 246.2, ndiyo 247. Sasa igeuze fomula hiyo hiyo uulize: kwa watu 212, kiwango cha kosa ni kipi? Jibu ni asilimia 5.6. Kwa 193 ni asilimia 6.0. Kwa hiyo kukosa watu 54 kumekutoa kwenye asilimia 5 hadi 6, basi. Hakuna mtahini mwenye akili timamu atakayekufelisha kwa nukta hiyo moja ukiiandika wazi.

Madodoso ya kughushi, kwa upande mwingine, hujitangaza yenyewe. Mtu anayejaza 35 kwa usiku mmoja huchoka akiwa kwenye la tano au la sita. Majibu huanza kukaa katikati, 3-4-3-3-4, hayaachi nafasi wazi, na hayana ile fujo ya watu halisi, ambao mmoja hukubali sana kila kitu na mwingine huruka ukurasa mzima. Mtahini akiomba kuona karatasi, mwandiko na kalamu vitamaliza maneno. Mwaka 2011 profesa wa saikolojia ya jamii huko Uholanzi, Diederik Stapel, alisimamishwa kazi baada ya kugundulika kuwa alikuwa akitunga data za utafiti. Zaidi ya makala 50 ziliondolewa kwenye majarida, na baadhi ya data hizo za kutunga alikuwa amewapa wanafunzi wake wa uzamivu wazitumie. Kama profesa alinaswa, rafiki yako hatakuwa mjanja kuliko yeye. Mshukuru, umwambie hapana.

Swali la maana zaidi kuhusu hao wasiojibu ni hili: ni akina nani? Walengwa wako wa mwaka wa kwanza ni asilimia 56 ya wote. Katika madodoso 193, wa mwaka wa kwanza wakiwa karibu na 108, sampuli haijapinda sana. Wakiwa 150, basi utafiti wako unazungumzia zaidi mwaka wa kwanza na ni lazima useme hivyo. Hujaeleza pia hao 247 uliwapataje. Kama ulichukua orodha ya majina ukachagua kwa bahati nasibu, vizuri. Kama ulisimama mlangoni mwa darasa ukampa kila aliyepita, fomula imekupa idadi tu, haijakupa unasibu. Andika ulichofanya kweli. Sura ya mbinu inayosema "sampuli nasibu" wakati haikuwa nasibu ni kosa kubwa kuliko sampuli yenyewe kutokuwa nasibu.

Sasa alfa. Kabla hujafuta swali hata moja, fungua faili uangalie mambo mawili, kwa mpangilio huu huu.

La kwanza ni hizo 99. Kwako 99 ni "hakujibu", lakini SPSS haijui hilo mpaka uiambie kwenye ukurasa wa vigeu, yaani mambo unayoyapima (Variable View), safu ya thamani zinazokosekana (Missing). Usipoiambia, inaisoma kama namba nyingine yoyote. Chukua watu watano wenye umri wa miaka 20, 21, 22, 23 na mmoja aliyeacha wazi: wastani wa wanne waliojibu ni 21.5, lakini ukiiacha 99 ndani unapanda hadi 37. Kwenye maswali ya ngazi tano madhara ni makubwa zaidi, maana 99 moja ina uzito wa karibu majibu ishirini ya "nakubali sana". Kila wastani na kila uhusiano uliokwishakokotoa ukiwa na 99 ndani ufute, ukokotoe upya. Wakati uko hapo, toa jedwali la marudio la kila kigeu, linaloonyesha kila jibu limetokea mara ngapi. Ukiona 7 au 33 kwenye kipimo cha 1 hadi 5, kidole kiliteleza. Rudi kwenye karatasi usahihishe. Hii inawezekana tu kama kila karatasi ina namba na namba hiyo imo kwenye safu ya kwanza ya faili. Kama hukuzipa namba wakati wa kuingiza, zipe leo, kwa kufuata mpangilio wa mafungu kama bado hujayavuruga.

La pili ni maswali yaliyogeuzwa. Katika yale kumi ya Likert, yakihesabiwa peke yake, la 3, la 6 na la 9 yanakwenda kinyume na mengine. La 1 linasema "Mitandao hunisaidia kuelewa masomo", la 3 linasema "Mitandao hunipotezea muda wa kusoma". Mtu mmoja mwenye msimamo mmoja atajibu 5 kwenye la 1 na 1 kwenye la 3, na programu itaona mtu anayejipinga. Alfa ikishuka hadi 0.41 katika hali hiyo si ajabu, wakati mwingine hushuka hata chini ya sifuri. Dawa ni kutengeneza vigeu vipya vitatu kwa kanuni ya 6 kutoa jibu: 5 inakuwa 1, 4 inakuwa 2, na 3 inabaki 3. Usiandike juu ya vigeu vya zamani, tengeneza vipya na uvipe majina mengine, kwa sababu ukigeuza mara mbili kwa kusahau utarudi ulikotoka bila kujua. Na ndiyo maana nimesema 99 zianze: 6 kutoa 99 ni -93, na namba hiyo ukiikuta kwenye faili ujue umeruka hatua.

Baada ya hapo kokotoa alfa tena. Ikifika 0.7 au zaidi, endelea. Ikibaki 0.6 na kitu, angalia jedwali linaloonyesha alfa itakuwaje kila kipengele kikiondolewa. Kipengele kimoja kinachovuta vingine chini, na ambacho ukikisoma unaona kweli kinauliza jambo jingine, unaweza kukitoa ukaeleza sababu. Ila hiyo tabia ya kufuta moja baada ya jingine mpaka namba ipendeze ni kukata nguo ifuate mshono uliokosewa: utabaki na maswali manne yanayofanana maneno, alfa ya 0.85, na kipimo kisichopima chochote. Ikibaki chini kabisa, huenda kumi hizo zinapima mambo mawili tofauti, kwa mfano faida za mitandao na usumbufu wake. Hapo unagawa makundi mawili na kukokotoa alfa ya kila moja peke yake.

Haya yote yangeonekana mapema kama dodoso lingejaribiwa kwa watu 20 hadi 30 wasio kwenye sampuli. Barua yako haitaji jaribio la awali. Kama halikufanyika, usilitunge.

Twende kwenye lile neno la msimamizi, "kifaa hakipimi malengo". Ana haki, na si kwa ukali. Chora jedwali la safu nne: lengo, swali la utafiti, namba za maswali ya dodoso yanayolijibu, na aina ya uchambuzi. Jaza mstari kwa mstari. Lengo la nne, sera ya chuo, halina swali hata moja kwenye dodoso lako. Linatoka. Usijaribiwe kufanya mahojiano ya haraka na viongozi ili kuliokoa, maana kibali chako kilihusu dodoso la wanafunzi. Lengo la tano si lengo la utafiti: mapendekezo hutoka kwenye matokeo na yana nafasi yake katika sura ya mwisho. Linatoka pia. Lengo la kwanza na la pili yana maswali, japo mengine yana kasoro.

Nje ya yale kumi ya Likert, swali la 8 la dodoso linauliza "Je, unatumia mitandao kwa kujisomea na kuwasiliana na wenzako?" Ndiyo au hapana. Anayewasiliana tu bila kujisomea ajibu nini? Mtu wa kwanza atasema ndiyo, wa pili hapana, na wote wawili wako sahihi. Swali hilo halirekebishiki baada ya kujibiwa, liweke kando na useme kwa nini. Swali la 6 lina makundi ya saa 1–2, 2–3, 3–4 na zaidi ya 4. Wa saa 2 kamili ana nyumba mbili, na wa saa 3 pia. Usikokotoe wastani wa saa kutokana na makundi hayo. Yachukue kama ngazi zenye mpangilio, kutoka chini kwenda juu, na utaje kuwa mipaka inagongana.

Lengo la tatu ndilo moyo wa tasnifu, na ndilo lenye tundu kubwa kuliko yote. Kwenye dodoso ufaulu umeuliza hivi: "Ufaulu wako ukoje? Mzuri, wastani, mbaya." Huo ni mtazamo wa mwanafunzi juu yake mwenyewe. Alama za mtihani huna, na huwezi kuziomba sasa ukaziunganisha, kwa sababu madodoso hayana majina na uliwaahidi wajibu kuwa hayatakuwa nayo. Ahadi hiyo ilindwe. Kila mahali ulipoandika "ufaulu" andika "ufaulu kwa kujikadiria", kuanzia jalada hadi hitimisho.

Na neno "athari" liondoke. Umeuliza watu mara moja, siku moja, mambo mawili kwa pamoja. Ukikuta wanaokaa sana mitandaoni wanajiona wamefeli, huenda simu ndiyo iliyowafelisha. Huenda pia walianza kufeli ndipo wakakimbilia simu. Huenda wote wana usingizi mbovu unaoleta yote mawili. Dodoso la mara moja haliwezi kutenganisha hayo. Mada inayosimama ni "Uhusiano kati ya muda wa kutumia mitandao ya kijamii na ufaulu wa kujikadiria miongoni mwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili". Ni ndefu, lakini kila neno lina data nyuma yake. Kuna tahadhari moja tu katika kubadilisha malengo baada ya kukusanya data: kuondoa lengo kwa sababu hukulikusanyia data ni halali, mradi msimamizi akubali kwa maandishi na sura ya tatu ieleze. Kubadilisha lengo kwa sababu umeona matokeo usiyoyapenda si halali.

Ile p ya 0.21 isahau kwa sasa, ilitoka kwenye faili chafu. Hata faili likisafishwa, khi-mraba ina sharti: visanduku vya jedwali vyenye hesabu tarajiwa (idadi ambayo ingetokea kama uhusiano haupo) chini ya 5 visizidi asilimia 20 ya visanduku vyote. Jedwali lako la majibu linaonyesha walioandika "mbaya" ni 11 tu. Wagawe kwenye ngazi nne za muda, wastani ni 2.75 kwa kila kisanduku. Vyote vinne vikiwa chini ya 5, ni theluthi ya visanduku kumi na viwili, na sharti limevunjika. Unaweza kuunganisha "mbaya" na "wastani", ubaki na visanduku vinane. Kwa maoni yangu bora utumie mgawo wa uhusiano wa Spearman, namba inayoonyesha uhusiano una nguvu kiasi gani, kwa sababu muda na ufaulu vyote viwili viko kwa ngazi zenye mpangilio, na khi-mraba huutupa mpangilio huo. Taja mgawo wenyewe pamoja na p, si p peke yake.

Ikitoka tena juu ya 0.05, mpaka unaotumika kwa kawaida, andika hivyo hivyo: data hii haikuonyesha uhusiano wa kitakwimu. Usiandike kwamba uhusiano haupo, kwani sampuli ndogo na kipimo cha kujikadiria vinaweza kuuficha. Sijui nani alieneza kwamba tasnifu hufelishwa kwa kukosa uhusiano. Tasnifu hufelishwa kwa mbinu mbovu na matokeo yasiyoelezeka.

Imebaki sura ya pili. Programu za akili bandia zinazotunga maandishi hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, na marejeleo nayo huyapanga hivyo hivyo: jina la mwandishi anayejulikana, mwaka unaofaa, jarida lililopo kweli, kisha kichwa cha makala isiyokuwepo duniani. Pitia yote 41. Nakili kichwa cha makala ukiweke ndani ya alama za nukuu kwenye Google Scholar, mtambo wa kutafuta makala za kitaaluma. Kama kuna DOI, namba ya utambulisho wa makala inayoanza na 10, iandike baada ya anwani ya doi.org/ uone inafungua nini, kwa sababu DOI ya kweli inaweza kubandikwa kwenye makala nyingine kabisa. Kisichopatikana kwa dakika tano kinatoka, pamoja na sentensi kilichokuwa kinaibeba. Watu wengi husahau hapo: hufuta chanzo, huacha dai.

Vilivyobaki vifungue uvisome. Anza na ikisiri, ruka hadi mbinu na majedwali, kisha ndipo urudi kwenye utangulizi. Kwa kila makala jaza mstari mmoja: mwandishi na mwaka, walengwa na idadi, kifaa, matokeo, udhaifu. Ukibaki na kumi na mbili za kweli, fungua orodha ya marejeleo ya zile tatu bora, halafu kwenye Google Scholar bofya sehemu inayoonyesha kazi zilizozinukuu baadaye. Kwa njia hiyo utafika 25 ndani ya wiki moja, na 25 zilizosomwa zinatosha. Zihifadhi kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeleo ambayo ni bure, ili orodha ya mwisho isikukeshe. Na soma kanuni za chuo chako kuhusu akili bandia. Nyingi hutaka utaje uliitumia wapi. Mwambie msimamizi kabla hajauliza, maana kwa vyanzo vitatu hewa tayari anajua.

Kuhusu wiki nane: ya kwanza ni ya jedwali la malengo na kukutana na msimamizi. Mpelekee kurasa mbili, siyo sura nzima: mada mpya, malengo matatu, jedwali, na maelezo ya madodoso 193. Mkimaliza mtumie barua pepe siku hiyo hiyo yenye mliyokubaliana, umwombe ajibu. Ya pili ni ya kusafisha data na kuhifadhi nakala ya faili la awali ambalo hutaligusa tena. Ya tatu uchambuzi, ya nne na ya tano sura ya pili na ya tatu, ya sita matokeo na mjadala. Mwisho wa wiki ya sita rasimu iwe mikononi mwake, kwa sababu kusoma kwake kunaweza kula siku kumi, na marekebisho yatakula zilizobaki.